Kaburi au Rundo la Mawe? Maziko ya Kale ya Bonde la Ufa na Ulinzi Wake Kisheria

Msafiri apitaye katika nchi kavu zilizo kandokando ya Bonde la Ufa, tangu mipaka ya Ethiopia hata nyanda za Ngorongoro, aghalabu hukuta mawe yaliyokusanywa pamoja. Mengine hayapiti kimo cha goti. Mengine ni marundo makubwa yaonekanayo toka mbali. Hayakuletwa na mafuriko wala hayakuporomoka kutoka mlimani, kwa maana mara nyingi hukaa juu ya mgongo wa kilima, au katika uwanja tambarare ambamo mawe ya namna ile hayapatikani karibu. Yaliwekwa kwa mikono. Walakini kutambua kwamba yaliwekwa kwa mikono si kutambua kwamba chini yake amelala mtu, na ulinzi wote wa makaburi haya hutegemea hatua hiyo ya pili.

Ngome hulindwa na umbo lake. Mtu ambaye hajapata kusoma hata ukurasa mmoja juu ya Wareno hataidhania Ngome ya Yesu pale Mombasa kuwa ni mawe ya bure. Msikiti uliobomoka una kibla, una kisima, una nakshi. Rundo la mawe halina hata moja la hayo. Tena kwa bahati mbaya lina kitu kimoja ambacho kila mjenzi anakitaka, nacho ni mawe yaliyokwisha kukusanywa. Mwenye kujenga zizi, mwenye kutengeneza msingi wa nyumba, na mkandarasi wa barabara atafutaye kokoto, wote huona pale kazi iliyorahisishwa na mtu mwingine. Kaburi lililodumu miaka elfu tatu laweza kutoweka katika asubuhi moja, na huyo aliyeliondoa asijue kwamba amefanya kosa lolote.

Yafaa kwanza kueleza ni nini kinachopotea.

Katika upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, mahali paitwapo Lothagam, pana jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi, ambalo juu yake zimesimamishwa nguzo za mawe, na jirani yake kuna duara za mawe na marundo madogo. Uchunguzi wa wataalamu walioongozwa na Elisabeth Hildebrand, uliotangazwa mwaka 2018, umeonyesha kwamba chini ya jukwaa hilo watu walichimba shimo pana katika mchanga, wakalizungushia mawe, wakawa wakizika humo kwa karne kadhaa, baina ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita. Idadi ya waliozikwa inakadiriwa kuwa haipungui 580. Wamo wanaume na wanawake, watoto wachanga na wazee. Shimo lilipojaa, lilifunikwa kwa mawe na nguzo zikasimamishwa juu yake.

Waliojenga mahali hapo walikuwa wafugaji wa kwanza wa nchi ile. Zama hizo mvua zilikuwa zikipungua na ziwa likirudi nyuma, na malisho na uvuvi vikibadilika mwaka hata mwaka. Kilichowashangaza wachunguzi si wingi wa maiti bali usawa wao. Karibu kila mtu alizikwa na mapambo yake: shanga za maganda ya mayai ya mbuni, vitu vya pembe za kiboko, na shanga za mawe ya rangi. Mmoja alikuwa na pambo la kichwani lililotengenezwa kwa meno ya mbele ya panya wa jangwani, meno 405 kwa jumla. Hapana dalili kwamba wachache walitengwa na kutukuzwa kuliko wengine. Kwa muda mrefu wanahistoria walizoea kusema kwamba majengo makubwa ya kale huthibitisha kuwapo kwa wafalme na watumwa, kwa kuwa ni nani angebeba mawe mengi hivyo bila kuamrishwa? Lothagam yajibu kwamba watu wasio na mfalme waliyabeba. Jibu hilo lisingepatikana kama mawe yale yangalichukuliwa kujengea.

Kusini zaidi makaburi ni madogo na ya baadaye. Karibu na mji wa Nakuru kipo kilima kiitwacho Hyrax Hill, yaani kilima cha pimbi, ambacho Louis Leakey alikitambua mwaka 1926 alipokuwa akichimba mahali pa maziko jirani na hapo. Mkewe, Bibi Mary Leakey, alifanya uchimbaji wake katika miaka ya 1937 na 1938, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1945. Alikuta maiti 19 za wafugaji wa kale zimelazwa chini ya mawe, miguu imekunjwa. Bakuli na sahani za mawe ziliwekwa pamoja na wanawake. Vyombo vya namna hii vimeonekana katika makaburi mengi ya Bonde la Ufa, hata wataalamu wa kwanza wakawaita wenyewe kwa jina la vyombo hivyo, watu wa bakuli za mawe, kwa sababu hawakuwa na jina jingine la kuwapa. Mahali hapa palifunguliwa kwa wageni mwaka 1965, na leo panatunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mgeni asiyeangalia vema huyapita makaburi na kwenda kutazama mashimo ya mazizi yaliyopo ng'ambo ya kilima, ambayo ni ya watu wa baadaye sana, kwa kuwa mashimo yana umbo na makaburi hayana.

Katika kreta ya Ngorongoro marundo ya namna hii yalifukuliwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya 1914, na humo zikatoka bakuli za mawe. Mary Leakey alichimba tena mwaka 1941, lakini taarifa yake haikutoka mpaka 1966. Miaka miwili baadaye Hamo Sassoon, aliyekuwa mhifadhi wa mambo ya kale wa Tanzania, alichapisha habari za rundo jingine la huko. Eneo lote la Ngorongoro liliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979 kwa ajili ya wanyama na mandhari yake. Binadamu wa kale waliongezwa katika sababu za kuandikishwa mwaka 2010 tu, miaka 31 baada ya nyumbu.

Maneno haya ya uchimbaji yasimfanye msomaji kudhani kwamba kuhifadhi kaburi ni kulichimba. Mambo hayo mawili hupingana mara nyingi. Kaburi lililofukuliwa limekwisha kusomwa mara moja na haliwezi kusomwa tena. Wale waliochimba Nakuru mwaka 1937 walikuwa hodari wa kazi yao, lakini hawakuweza kujua kwamba kipande cha mkaa kingeweza kutaja umri wake, kwa sababu njia ya kupima miaka kwa kaboni haikutangazwa mpaka mwaka 1949 hivi. Wala hawakuweza kujua kwamba mfupa ungeweza kutaja ukoo wa mwenyewe. Mwaka 2019 ulitangazwa uchunguzi wa chembe za urithi za watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania, wengi wao wakiwa ni mifupa iliyokaa katika makabati ya makumbusho kwa miaka mingi. Ulionyesha kwamba wafugaji wa kwanza walitokana na watu waliotoka kaskazini-mashariki ya Afrika, wakachanganyika na wawindaji waliowakuta, na kwamba mchanganyiko huo haukutokea kwa mara moja. Kama mifupa hiyo iliweza kusema hayo baada ya kuchimbwa kwa njia za zamani, basi makaburi ambayo hayajaguswa yana mengi zaidi ya kusema. Ndiyo maana wataalamu wa leo hufurahi wanapokuta rundo na kuliacha lilivyo.

Sheria za kulinda vitu vya kale hazikuanzia Afrika Mashariki, na njia zilizopitia zina maana katika habari hii. Nchini Uingereza, Sir John Lubbock alipigana kwa miaka mingi bungeni kabla ya kupata sheria ya kwanza ya kulinda majengo ya kale mwaka 1882. Yeye mwenyewe, mwaka 1871, alikuwa amenunua sehemu ya ardhi ya Avebury ili kuokoa mawe yake yasijengewe nyumba. Sheria ile haikuwa na nguvu nyingi. Haikumlazimisha mwenye shamba, bali ilimwomba. Lakini ilikuwa na orodha, na jambo la kuangaliwa ni kwamba orodha hiyo haikujaa majumba ya wafalme wala makanisa. Ilijaa mawe ya watu wasiojulikana: duara za mawe, vilima vya maziko, na marundo. Makaburi ya Clava kule Scotland, yaliyojengwa yapata miaka 4,000 iliyopita kando ya mto Nairn, yalikuwamo. Watunga sheria walifahamu kwamba jumba la mfalme lina wa kulitetea, na rundo halina.

Hiyo ndiyo njia ya orodha: kitu hulindwa kwa sababu kimeandikwa. Njia ya pili yaonekana vizuri katika Finland, ambako sheria ya mwaka 1963 inalinda mabaki yote ya kale yaliyo katika ardhi, yaliyoandikwa na yasiyoandikwa, yaliyogunduliwa na yatakayogunduliwa. Huko hakuna haja ya tangazo. Jambo likiwa la kale limekwisha kulindwa, na mwenye kuligusa bila ruhusa amevunja sheria hata kama hapakuwa na kibao. Nchi hiyo ina marundo mengi ya maziko ya zama za shaba nyeusi, na yaliyo maarufu kuliko yote ni yale ya Sammallahdenmäki, zaidi ya 30, ambayo yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1999.

Sheria za Afrika Mashariki zimechukua kitu katika kila njia. Kenya ilipata sheria yake ya kwanza ya majengo ya kale mwaka 1927, na magofu ya Gedi yalikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kutangazwa. Hiyo ilikuwa sheria ya orodha, nayo ilitazama pwani zaidi kuliko bara, kwa kuwa pwani kulikuwa na kuta. Sheria nyingine ya mwaka 1934 ililinda vitu vya uchimbuzi. Baadaye zikaja za mwaka 1983 na 2006, ambayo ndiyo inayotumika sasa. Tanganyika ilikuwa na sheria yake ya 1937, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Sheria hii ya 1964 ilijenga ulinzi juu ya umri. Ilichagua mwaka 1863, na kitu kilichojengwa na mkono wa binadamu kabla ya mwaka huo ni kitu cha kale mbele ya sheria, wala hakichimbwi bila kibali.

Kwa maandishi, basi, rundo la Ngorongoro limelindwa sawasawa na msikiti wa Kilwa Kisiwani. Kwa vitendo tofauti ni kubwa, na chanzo chake ni kwamba sheria yazungumza juu ya kitu kilichojengwa kabla ya 1863, ilhali rundo la mawe halina tarehe. Huko Gedi lipo kaburi lenye mwaka wake uliochorwa, 802 wa Hijra, yaani 1399. Karani yeyote ajuaye kusoma ameridhika. Rundo la mawe litamridhisha nani?

Shida hii si ya kufikirika. Katika kitabu chake juu ya Wamasai kilichotoka mwaka 1905, A. C. Hollis alieleza kwamba watu wa kawaida hawakuzikwa, lakini alipokufa mganga mkuu au tajiri, alilazwa katika shimo fupi na kufunikwa mawe, na kila apitaye pale hutupa jiwe lake juu ya rundo, leo na siku zote. Kwa hiyo katika nchi hiyo hiyo yapo marundo ya miaka elfu mbili na zaidi, na yapo marundo ya mababu ambao wajukuu wao wako hai, na umbo lao ni karibu moja. Tena lile la pili huendelea kukua, kiasi kwamba kaburi la mtu aliyekufa juzi laweza kuwa kubwa kuliko la zama za kale. Wadatoga nao waliishi katika kreta ya Ngorongoro kabla ya Wamasai. Mtu ahesabuye marundo kutoka katika gari, akayaandika yote kuwa ya kale, atakuwa amewanyang'anya watu makaburi yao. Na akiyaandika yote kuwa ya juzi, atakuwa ameyatoa nje ya sheria yale ambayo sheria ilitungwa kwa ajili yake.

Hapo ndipo lugha inapoingia, na kuingia kwake si kwa mapambo.

Mataifa yaliyoishi karibu na marundo kwa muda mrefu huyapa jina, na mara nyingi jina hilo limefanya kazi ya ulinzi kabla ya sheria yoyote. Wafini huliita rundo la maziko hiidenkiuas, maana yake meko ya mawe ya hiisi, jitu au pepo la msituni. Jina hilo halisemi kweli juu ya maiti, lakini lilitosha kumwambia mkulima kwamba mawe yale yana mwenyewe. Neno ambalo Waingereza hulitumia kwa marundo haya walilipata kwa Wagaeli wa Scotland, ambao kwao kumwekea mtu jiwe katika rundo lake ni kuahidi kutomsahau. Waturkana wanaziita nguzo za mawe namoratunga, watu wa mawe, nao husimulia kwamba walikuwa watu kweli, wakakatazwa na pepo wasicheke ngoma yake, wakacheka, wakageuka mawe. Katika pande za Wajir Wasomali huwataja Wamadanle, watu wa miraba mikubwa waliochimba visima na kuacha marundo. Ajabu zaidi ni neno la Kisomali taallo. Wachimbuzi walilipokea kuwa ni jina la rundo la maziko, na katika Kisomali cha leo neno hilo hilo ndilo linalotumika kwa mnara wa ukumbusho unaojengwa mjini na serikali. Rundo limekuwa ndiyo maana yenyewe ya ukumbusho.

Majina haya hayasaidii tu kulinda, hupotosha pia. Mwaka 1961 I. M. Lewis aliandika juu ya makaburi ya kaskazini ya nchi ya Wasomali yaliyokuwa yakiitwa ya "Wagalla", akaonyesha kwamba si yakini hata kidogo kuwa yote ni yao. Kusema kwamba makaburi ni ya watu waliofukuzwa ni njia moja ya kusema kwamba hayatuhusu. Vivyo hivyo majitu ya Wajir. Msimulizi amekiri kwamba pana kaburi, na katika pumzi hiyo hiyo amekana kwamba aliyelala humo ni wa jamaa yake.

Kiswahili chenyewe kina msamiati mpana wa maziko. Kuna mwanandani, ule upenyo wa ubavuni anamolazwa maiti. Kuna kiunza, mbao zinazomkinga na udongo. Kuna ziara, kaburi la mtu mtukufu liendewalo kwa dua. Pwani ina makaburi ya nguzo, ya kuta na ya mapaa. Lakini haya yote ni maneno ya watu wanaozika katika udongo na kujenga kwa chokaa. Kwa kaburi lililo rundo, Kiswahili sanifu hakina neno, nayo hiyo si aibu ya lugha, kwa kuwa hakuna lugha iwekayo jina kwa kitu ambacho wenyewe hawakuwa nacho mlangoni. Lakini leo Kiswahili ndicho lugha ya afisa wa kata, ya askari wa hifadhi, ya fundi wa barabara na ya kibao kisimamishwacho kando ya njia, katika nchi zile zile zenye marundo hayo. Kukosa neno kumekuwa na gharama.

Yanayotumika sasa yote yana kasoro. Rundo na lundo ni maneno ya kweli kwa umbo, lakini hutumika pia kwa takataka na kwa kuni, nayo hayadai heshima yoyote. Chungu, kwa maana ya mawe yaliyopangwa juu kwa juu, ni neno zuri la zamani, lakini msomaji wa leo akiliona peke yake atafikiri chombo cha kupikia. Boma hupotosha kabisa, kwa kuwa humwelekeza mtu kwenye zizi au kwenye ofisi ya serikali. Kifusi ni mabaki ya kitu kilichoanguka, ilhali rundo la maziko halikuanguka. Lipo kama lilivyokusudiwa. Kaburi la mawe laonekana kufaa, lakini pwani watu wameshalizoea kwa makaburi yaliyojengwa. Ziara haliwezi kutumika bila kumdai mtu imani asiyokuwa nayo.

Lililo karibu zaidi na haja ni kaburi la rundo. Neno la kwanza lasema ni nini, la pili lasema likoje, na mpangilio huo ni wa maana: "rundo la kaburi" humfanya mtu aone mawe kwanza na maiti baadaye, jambo ambalo ndilo kosa linalotaka kusahihishwa. Laweza kupata wingi wake bila taabu, makaburi ya rundo, na laweza kuandikwa katika ramani, katika tangazo la serikali na katika kitabu cha shule. Kwa Kiarabu, neno lililozaa shahidi wa Kiswahili ni jina pia la jiwe lisimamishwalo kichwani pa kaburi. Na katika kitabu cha Mwanzo, Yakobo na Labani wanapopatana, rundo la mawe ndilo linaloitwa shahidi wao. Dhana ya kwamba mawe yaliyowekwa pamoja hutoa ushahidi si ngeni kwa msomaji wa Kiswahili, awe Mwislamu au Mkristo. Neno ambalo lingeweza kuwa na mashaka zaidi ni lile la kueleza zama zenyewe. Mazoea ya kusema "kabla ya historia" ni mabaya, kwa kuwa watu waliozika wenzao mahali pamoja kwa karne kadhaa bila shaka walikuwa na historia waliyoikumbuka. Walichokosa ni maandishi. "Zama za kabla ya maandishi" yasema kweli bila kumtukana marehemu.

Si kwamba jina pekee latosha. Tangu mafuta yalipogunduliwa katika Turkana mwaka 2012, na mipango ya barabara kubwa za kaskazini ya Kenya kuzinduliwa mwaka huo huo, watu wengi wa kazi wamepita na mitambo yao mahali ambapo kabla ya hapo walipita mbuzi na ngamia. Sheria za mazingira, ya Kenya ya 1999 na ya Tanzania ya 2004, hudai uchunguzi kabla ya mradi mkubwa kuanza. Mchunguzi huja kwa siku chache, huwauliza wenyeji kama kuna mahali pa kale, nao, wakiulizwa kwa Kiswahili kama kuna "majengo ya kale", hujibu kwa ukweli mtupu kwamba hakuna. Wakiulizwa kama kuna makaburi, huonyesha ya jamaa zao. Swali ambalo lingeyatoa marundo ya zamani, yaani ni mawe gani watoto walikatazwa kuyachezea, haliulizwi, kwa kuwa halimo katika fomu. Katika kazi kama hiyo mzee mmoja wa pale ana thamani kuliko ramani, na tafsiri mbaya ya neno moja yaweza kumnyamazisha.

Liko jambo jingine ambalo sheria haijalitatua. Huko Kalokol, karibu na Ziwa Turkana, zimesimama nguzo 19 za mawe meusi. Mwaka 1978 wataalamu wawili, Lynch na Robbins, walitangaza katika jarida la Science kwamba nguzo hizo zilipangwa kufuata nyota, ili kuhesabu siku za mwaka. Miaka minne baadaye Robert Soper alizipima upya, akaonyesha kwamba mawe yenyewe yana nguvu ya sumaku ambayo huipotosha dira, na hivyo vipimo vya kwanza havikuaminika. Mabishano hayo yamewafanya watu wa mbali kuzijua nguzo hizo kuliko makaburi mengine yote ya kaskazini. Lakini wenyeji hawakungoja nyota. Waturkana wapitao pale wana desturi ya kuweka kijiwe juu ya nguzo, na vijiwe hivyo vimekuwa vingi. Kwa mtaalamu wa vipimo hayo ni matatizo, maana kila kijiwe huongeza kitu ambacho hakikuwapo. Kwa mwanasheria ni swali gumu, maana kubadili kitu cha kale bila kibali kumekatazwa, na kuongeza ni kubadili. Mlinzi wa mahali pale aweza kuwazuia wapitaji wasiweke mawe, na nguzo zitabaki kama zilivyokuwa siku ya tangazo; au aweza kuwaacha, na kila mwaka zitakuwa tofauti kidogo na zilivyokuwa, kama rundo la Wamasai lililoelezwa na Hollis. Vijiwe vilivyokwisha kuwekwa hakuna aliyediriki kuviondoa, kwa sababu hakuna ajuaye kipi kiliwekwa jana na kipi kiliwekwa na mtu ambaye yeye mwenyewe sasa ni wa kale.